Mawe ya bahari yaliyoko milimani hayajaharibika

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mawe ya kijani ya milimani nimeisoma mara mbili. Mmeeleza vizuri jinsi sakafu ya bahari inavyopandishwa juu ya bara mabamba ya dunia yanapogongana. Ila kuna sentensi imeniuma: kwamba mawe hayo yameshaharibiwa na maji na joto, hivyo hayana mengi ya kutuambia. Hapo napinga.

Sakafu ya bahari haidumu. Huzaliwa kwenye migongo ya katikati ya bahari, yaani safu za milima zilizo chini ya maji, husogea, mwisho huzama tena ardhini. Ndiyo maana katika bahari kuu za leo hupati sakafu inayozidi sana miaka milioni 200. Ya kale kuliko hiyo imebaki juu ya bara tu, vipande vipande, na wanajiolojia huiita ofioliti. Kule Jormua, Finland, kipo kipande cha miaka bilioni 1.95 hivi. Tukiyakataa mawe haya kwa kuwa yamegeuka, shahidi mwingine tutamtoa wapi?

Na huko kugeuka kwenyewe ni ushahidi. Chukua kipande cha serpentini, lile jiwe la kijani linaloteleza mkononi kama sabuni, ulisogezee sumaku iliyoning'inizwa kwa uzi. Mara nyingi sumaku itavutwa. Jiwe la awali, peridotiti, lilitoka kwenye mantili, tabaka lililo chini ya ganda la dunia, likiwa limejaa madini ya olivini, wala halikuwa na nguvu hiyo. Maji yalipopenya kwenye nyufa, sehemu ya chuma cha olivini iligeuka chembe nyeusi za magnetiti, madini yanayovuta sumaku, na gesi ya hidrojeni ikatoka. Kule Oman, kwenye ofioliti ya Semail yenye miaka milioni 95 hivi, kazi hiyo inaendelea hadi leo: zipo chemchemi zenye maji makali kama magadi, na gesi hiyo inabubujika humo.

Basalti nayo, yaani lava iliyoganda, ikipitiwa na maji ya bahari yenye moto hupoteza kalsiamu, hupokea sodiamu, ikajaa madini ya kijani ya kloriti na epidoti. Lakini elementi za titani na zirkoni hazihami kirahisi, na kwa kuzipima tunajua jiwe lilizaliwa katika mazingira gani. Shaba iliyoipa Kupro sifa tangu zamani za kale ni zao la mgeuko huohuo: maji ya moto yaliinyonya kutoka mawe ya chini, yakailimbikiza kwenye sakafu ya bahari.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko milimani juu ya Zermatt, Uswisi. Lava ikitoka chini ya maji huganda kama mito ya kulalia iliyorundikana, mgongo mviringo, tumbo limechongoka kuziba nafasi iliyo chini yake. Kwa umbo hilo unajua upande upi ulikuwa juu. Lava ya huko ilizamishwa zaidi ya kilomita 60, ikawa eklojiti, jiwe zito lenye madini mekundu ya ganeti, kisha ikarudi juu. Baada ya safari yote hiyo, mito ile bado inaonekana mahali pengine, na kingo zake unaweza kuzifuata kwa kidole.

Naomba toleo lijalo mtoe picha yake, ya karibu, na chini yake mwandike "limegeuka", si "limeharibika".

Msomaji wenu