Nimechekwa mbele ya ukoo kwa sababu ya Kijerumani

Shangazi, shikamoo.

Naandika saa tisa usiku, tangu Jumapili usingizi umenikataa. Utaniona mtu mzima ovyo, nalilia lugha. Silii lugha. Nalia kile kicheko.

Tulianza wawili, mimi na mdogo wangu, tukajiandikisha Kijerumani siku moja. Mwezi wa tatu wa masomo akaacha, eti kichwa kinamuuma, akakimbilia Kireno. Sikumsema. Leo hajafikisha hata miaka miwili ya Kireno, anapiga soga kwenye simu na watu wa Brazili. Mimi nina miaka miwili, na Jumapili akaniuliza mbele ya ukoo mzima, "Dada, bado uko kwenye der, die, das?" Wakacheka wote. Hata Mama.

Mimi si mjinga, Shangazi. Ngeli tumekua nazo, lakini kitabu ukikisikia tu umejua kiko wapi. Kijerumani hakikuonei huruma: kila jina lina der ya kiume, die ya kike, au das isiyo ya yeyote. Msichana, das Mädchen, hayumo kwa wanawake wala kwa wanaume! Ukishakariri, sentensi ikigeuka kidogo der inakuwa den, mara dem. Halafu kuna sentensi kitenzi unakibeba mpaka mwisho kabisa. Nikifika nimeshasahau nilitaka kusema nini. Yeye kwenye Kireno ana o ya kiume na a ya kike, basi. Tena mengine kayakuta nyumbani: meza, bendera, leso, vyote tulivichukua kwa Wareno. Kwa Wajerumani tukabaki na shule na hela, na ndivyo vinavyonimaliza.

Na asijidai. Ile sauti ya puani bado inamshinda. Akitaka mkate, pão, anatamka pau, anaomba fimbo. Mimi sijawahi kumcheka mbele za watu. Yeye alinicheka mbele ya Mama.

Utauliza hiyo pão nimeijulia wapi. Usimwambie mtu: wiki ya tano sasa najifunza Kireno usiku kwa siri, yaani nilianza hata kabla ya hiyo Jumapili. Kinaniingia, na hilo ndilo linaniudhi zaidi. Juzi mwalimu wa Kijerumani kanirudishia karatasi, nimefeli kwa alama nne, nami nikamjibu, "Obrigada," asante ya Kireno.

Kijerumani siachi, hilo nimeshaamua. Ila nikibaki, sijui nimebakia lugha au ubishi. Nikihamia Kireno, atasema nimemfuata. Au mtu anaweza kuzishika zote mbili bila kuchanganyikiwa? Wengine wananiambia nimpigie simu tuyamalize. Nikimpigia atacheka tena. Wala sihitaji aniombe msamaha, ni mtoto yule. Lakini Mama, Shangazi, Mama alicheka mpaka akafuta machozi.

Nijibu kabla ya Ijumaa tafadhali, ndiyo siku ya mwisho kulipia mtihani wa B1, ule wa Kijerumani cha ngazi ya kati.

Dada Mtu