YAH: WAIFAI YA NYUMBANI KWANGU MLIYOIACHA WAZI, NA NILIVYOFEDHEHESHWA KAUNTANI KWENU

Ndugu Meneja,

Salaam. Naandika kwa heshima ingawa mimi yangu mmeshanivunjia, na naomba usome mwenyewe, usimpe kijana wa kaunta akusomee.

Masharti yenu unayajua, ruta ya intaneti mnafunga nyinyi na setingi zake mnashika nyinyi. Nauliza tu, fundi wenu mpaka leo bado anafunga ruta kwa WEP, ile kinga ya zamani ya waifai? Alipokuja kwangu hapa Chikongola aliniambia mama nitajie neno la herufi tano, tano tu zisizidi, nikataja somoe, jina la marehemu mama yangu, ndo lililonijia. Akaliandika kwa maka pen chini ya ruta akaenda zake. Mpwa wangu alivyokuja kutoka Dar akaangalia kwenye simu yake akashtuka, shangazi hii WEP ilishavunjwa tangu 2001, mtu anakaa na laptopu hapo nje ya ukuta dakika chache tu keshaingia, na WPA2, kinga mpya kuliko hiyo, ipo toka 2004, hata boksi la ruta limeandikwa kwamba inayo, ni kuchagua WPA2 na AES, ile njia yake ya kuficha data, halafu unaweka paswedi ndefu, kuanzia herufi 8 mpaka 63. Angebadilisha yeye, ila paswedi ya kuingilia kwenye setingi mmekaa nayo nyinyi.

Hapo ndo nikaelewa kwa nini taa ya ruta inapepesa saa nane usiku na nyumba nzima tumelala. Bando la mwezi linaisha siku ya tisa! Na nilishapiga simu mara nne kabla ya hapo, jibu ni lilelile, mama punguza kuangalia video.

Basi Jumatatu nikaja ofisini, nikapanga foleni, nikamwambia kijana taratibu kabisa naomba mnitolee WEP mniwekee WPA2. Akatazama kompyuta yake akapaza sauti, "Paswedi si hii somoe? Sasa mama nani ahangaike na Somoe wako, unaficha nini humo, korosho?" Watu wakacheka.

Narudia meneja, maana nahisi hujanielewa. Nimesimama pale nimeshika risiti zangu za bando mkononi, kijana anataja herufi moja moja, s, o, m, o, e, anagonga peni mezani kila herufi, halafu anacheka na foleni nzima nyuma yangu inacheka. Jina la mama yangu! Na huo ndio ufunguo wa nyumba yangu, kautangaza kwa kila aliyekuwepo, na mmoja wao nakaa naye mtaa mmoja. Sauti ilinikauka, nikatoka bila kuhudumiwa.

Ninachoomba, fundi aje aweke WPA2 na AES, paswedi niandike mwenyewe yeye akiwa ameangalia pembeni, aizime na ile WPS ya kuunganisha simu bila kuandika paswedi, na paswedi ya setingi anikabidhi. Tena mnirudishie bando za miezi mitatu, risiti ninazo zote. Na huyo kijana aniombe radhi, mwanzo nilisema kwa simu inatosha lakini hapana, aje nyumbani na mkubwa wake, na barua yenye muhuri juu.

Nawapa siku saba. Zikipita, barua hii inakwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na nakala nyingine Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria ipo tangu 2022, wakanieleze wao kama paswedi ya mteja inasomwa kwa sauti mbele ya watu. Na ruta nitailetea hapohapo kauntani, siku ya foleni, niigeuze juu chini kila mtu aone mwandiko wa fundi wenu.

Kwa sasa nimeichomoa, ipo kabatini. Mwanangu anasomea kwa bando la simu yangu.

Mimi mteja wenu,
Chikongola, Mtwara
(namba ya mkataba ipo nyuma ya bahasha)