Harambee ya Sweta, Manyatta, Juni 19

Ndugu, jamaa na marafiki,

Kama uliwahi kutengenezewa simu pale Kondele na kijana aliyevaa sweta ya buluu saa saba mchana, jua la Kisumu likiwa utosini, basi unamjua tunayemkumbuka. Sisi tulimwita Sweta tangu darasa la tatu. Jina lake la kitambulisho mama yake ametuomba tusilisambaze, nasi tumemheshimu. Alituacha Februari, akiwa na miaka 27. Tulisoma naye, tukacheza mpira naye (yeye refa, siku zote refa, na mkali ajabu), na mwezi huo tukabeba jeneza lake.

Alizaliwa na selimundu, au siko seli kama tunavyosema mtaani. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni mviringo na laini. Zake zilijipinda kama mundu, zikikwama kwenye mishipa myembamba, na pale zilipokwama mfupa uliwaka moto. Baridi kidogo, kiu kidogo au homa ndogo ilitosha kuyaanzisha maumivu hayo. Ndiyo sababu ya ile sweta, na ndiyo sababu ya ile chupa ya maji ambayo mwalimu wetu mmoja aliipiga marufuku darasani, eti anatoka kwenda chooni mara nyingi mno.

Tukiwa darasa la sita mvua ilitukuta njiani tukitoka shule. Sweta aliketi kwenye matope, kimya. Hakulia. Aliutia mkono wa kushoto wa sweta mdomoni akaung'ata kwa nguvu zote. Mzee mmoja wa bodaboda ya baiskeli alimpakia kwenye keria bila kuuliza nauli, sisi wawili tukakimbia kando tumemshika kiuno hadi kwao. Tangu siku hiyo, asubuhi tulikuwa tunauangalia ule mkono wa kushoto kabla ya kumsalimu. Ukiwa mbichi kwa mate, tulijua usiku ulivyokuwa.

Majirani walisema mengi. Wapo waliosema ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, wapo waliomwangalia mama yake kwa jicho baya. Sweta mwenyewe alikuwa na jibu lake, alilolitoa mtandaoni akiwa anasubiri simu ya mteja ijae chaji. Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia hapa Kenya, alizunguka akipima damu za watu. Aliwakuta wenye chembe hii wengi pwani na kandokando ya ziwa letu, na wachache sana nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 akaandika sababu yake: anayerithi jeni ya chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Lakini wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa wenyewe. "Kwa hivyo mimi nimelipia mbu wenu wote," alikuwa akituambia, halafu anadai soda.

Sasa tuseme lile linalotuuma. Sweta alipolazwa mara ya mwisho, katibu wa kikundi chetu alifungua mchango wa matibabu. Kwa siku tisa zilipatikana shilingi 14,300. Watu waliandika "pole" na "Mungu ni mwema". Alipofariki tukafungua mchango wa mazishi, na kwa siku nne tu tulikuwa na shilingi 187,000, hema, viti, gari la kubeba mwili na picha yake kubwa kwenye fulana. Hatumsemi mtu. Mwandishi wa barua hii alitoa mia mbili wodini na elfu tatu matangani.

Harambee hii basi ni ya wodini. Katika Manyatta na Kondele tunawajua watoto 9 wenye selimundu, wengi wao kwa sababu mama zao walikuwa wakimfuata Sweta kwenye kibanda chake kuuliza hili na lile. Wanahitaji haidroksiyurea, kidonge cha kila siku. Si dawa ngeni wala ya kubahatisha: utafiti uliochapishwa mwaka 2019, na Kilifi ikiwa moja ya vituo vyake vinne Afrika, ulionyesha watoto wanaoimeza wakipata maumivu mara chache zaidi, malaria kidogo zaidi, wakiongezewa damu mara chache, na vifo vikipungua. Sweta aliipata akiwa mtu mzima, na hata hapo alikuwa akiimeza miezi ambayo biashara imeenda vizuri. Miezi mibaya aliruka. Hatukujua hadi tulipoona tarehe kwenye pakiti zake.

Tunalenga shilingi 300,000 kwa mwaka mmoja. Dawa tumezitengea 2,000 kwa mtoto kila mwezi, jumla 216,000. Nauli ya kliniki, 300 kwa mtoto kila mwezi, inafika 32,400. Zinazobaki, 51,600, zitakaa kwa ajili ya usiku ule ambao kila mzazi wa mtoto kama huyu anaujua, unapohitaji teksi saa nane na simu yako haina hata salio la kukopa. Tayari tuna 41,500, zikiwemo 6,000 alizoleta mama mmoja wa omena kutoka Dunga ambaye hakutaka hata kuandikwa kwenye daftari. (Tumemwandika, "mama wa omena".)

Tukutane Juni 19, ambayo ni Siku ya Selimundu Duniani, kuanzia saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa tulikofanyia mkesha wake. Mgeni wa heshima hatuna. Mwanasiasa akija atakaribishwa kama mtu mwingine yeyote, atakaa kwenye benchi na atanunua chapati. Ambaye mfuko umekauka aje na mkono wake: kutakuwa na watu wa kutoa damu, na ukiwa na miaka 16 hadi 65 na uzito wa kilo 50 kwenda juu, mzima wa afya, wanaweza kukupokea. Watoto hawa huongezewa damu, na damu haiuzwi dukani.

Namba ya M-Pesa imeandikwa kwenye kadi za mchango zilizo na mhuri wa kikundi, na mweka hazina atasoma majina na kiasi mbele ya wote kila Jumapili. Ukitumiwa namba nyingine kwa ujumbe, usitume. Matapeli nao husoma matangazo ya harambee.

Jambo la mwisho. Juni jioni upepo wa ziwa huwa mkali, kwa hivyo ukiwa na sweta ya mtoto isiyovaliwa nyumbani, ibebe. Ile ya buluu mama yake ameshaitoa. Ameichukua msichana wa gredi ya nne, imempita magotini. Fundi wa Kibuye ameushona upya mkono wa kushoto pale palipoliwa na meno, kwa uzi wa buluu usiofanana kabisa na ule wa kwanza.