Kabla hamjafungua hilo darasa

Mwanjelwa, Mbeya

Mwalimu,

Habari za Mafinga? Huku hatujambo, ila baridi ndiyo hiyo unayoijua. Asubuhi gundi imekuwa ngumu koponi na vidole havikunji mpaka jua litoke.

Barua yako imenifurahisha. Kanisa kukubali kuwasaidia wanaotoka gerezani si jambo dogo. Lakini hilo la kuanza na darasa la useremala, nivumilie, sikubaliani nalo. Hapa Mbeya, kwenye Gereza la Ruanda, kuna mafunzo ya ufundi humohumo ndani, na wapo wanaotoka na mkono mzuri kuliko vijana wangu niliowalea karakanani.

Kijana niliyempokea mwaka jana alitoka kwa msamaha wa Rais, ule wa 26 Aprili. Nilimpa ubao wa mpaini uliopinda, nikajifanya nina kazi nyingine. Akafumba jicho moja, akautazama kwa urefu, akaugeuza, akapapasa nyuzi zinaelekea wapi, ndipo akaweka randa. Nikaona huyu sina la kumfundisha. Baadaye nikamwita jina, akachuchumaa kama mfungwa aliyeitwa na askari. Nyundo mkononi, mteja yuko mlangoni, na mtu mzima kachuchumaa kwenye maranda anasubiri nimwambie neno. Mteja alielewa palepale katoka wapi. Ilichukua muda tabia ile kumtoka, nami nikazoea kumfuata alipo badala ya kumwita kwa sauti. Sasa niambie, Mwalimu, hilo mtaliweka kwenye somo gani?

Kilichomtesa zaidi ni makaratasi. Hakuwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Bila NIDA husajili laini ya simu kwa alama za vidole, na bila laini hupokei pesa. Siku hizi hata mteja wa stuli hana noti mfukoni, anakwambia, "Nitajie namba nitume." Ikabidi hela yake ipitie kwenye simu yangu, na hapo ndipo maneno huanzia, kwamba fundi anamla kijana wa watu. Kwenda NIDA kunataka barua ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti wa mtaa hawezi kumwandikia mtu asiyemjua. Kwao Rungwe ndugu walishagawana kiwanja, hakuna aliyetaka arudi kuulizia. Nilimpeleka mwenyewe kwa mwenyekiti. Akauliza nani anamfahamu. Nikasema mimi, na akileta shida nitafuteni mimi. Barua ikaandikwa.

Chumba nacho kilikuwa kesi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, na akisikia Ruanda chumba kinakuwa kimeshapata mtu. Halafu Jumamosi unawakuta watu haohao uwanja wa Sokoine wanawashangilia Wajelajela hadi sauti zinakauka! Timu ya magereza wanaipenda, aliyetoka gerezani hapana.

Kwa hiyo hela mliyochanga msiimalizie kwenye madawati na posho za walimu. Nunueni randa, msumeno, patasi, futi na nyundo. Fundi asiye na vifaa ni kibarua wa mwenye vifaa, hata awe na vyeti. Ila msimgawie bure. Mkopesheni, mwandikishiane, arudishe kidogo kidogo kadiri anavyopata kazi. Wa kwangu alipomaliza deni la randa alichora jina lake kwenye mpini, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Mikopo ya halmashauri pia iulizieni. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani imegawanywa 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Fungu la waliotoka gerezani halimo, kwa hiyo kijana ataingilia kwenye la vijana, tena akiwa ndani ya kikundi. Tafadhali msiunde kikundi cha waliofungwa peke yao. Jina litawaganda. Wachanganyeni na hao wanaochana mbao hapo kwenu, wanaojulikana.

Na msingoje mtu atokee getini ndipo mjipange. Anayetumikia vizuri hupunguziwa theluthi ya kifungo, na misamaha hutoka pia 9 Desemba, kwa hiyo wengi huwakuta ndugu zao bado wanahesabu miaka. Nendeni mkawaone wakiwa bado ndani, mjue nani anarudi wapi na nani atampokea.

Wote hawatakaa sawa, hilo ujue. Mmoja alinisalimia vizuri jioni, asubuhi kaondoka na drili yangu ya umeme. Nilikasirika wiki nzima. Nikanunua nyingine, sasa inalala chumbani kwangu, na mke wangu hajanisamehe.

Mwezi ujao nakuja kuchukua mbao, nitashinda hapo siku moja. Niitie mwenyekiti wako wa mtaa na afisa ustawi wa jamii, nikae nao kwanza. Mchungaji tutamwona jioni, yeye tayari yuko upande wetu. Na uniulizie mbili kwa nne zilizokauka vizuri zinauzwaje sasa, maana mzigo uliopita ulikuja mbichi, milango yote imepinda.

Msalimie mama na watoto.

Wako,
Fundi