Kabla hujairudisha darubini dukani

Mteja akiingia dukani kwetu hapa Mombasa na boksi la darubini kwapani, mara nyingi maneno ni yale yale: "Hii ni mbovu, naona giza tupu." Tunaifunga kwenye stendi mbele yake, tunaielekeza kwenye mnara wa simu ulio mbali, na picha inatokea. Darubini ni nzima. Kilichokosekana ni nusu saa ya kuitayarisha, na hapo kosa ni letu sisi wauzaji tunaokabidhi boksi bila kuonyesha.

Darubini ya lenzi tunayomshauri anayeanza ina lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 70 na urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi pale picha inapokusanyika) wa milimita 700. Huja na lenzi mbili ndogo za kutazamia, ya milimita 25 na ya milimita 10. Gawanya 700 kwa namba ya lenzi ndogo: ya 25 inakuza mara 28, ya 10 inakuza mara 70. Watu wengi hukosea hapa. Mtu hutia ile ya 10, akaongeza lenzi ya Barlow, yaani ya kuzidisha ukuzaji, ya mara tatu, akafika mara 210. Kwa lenzi ya milimita 70, ukishapita mara 140 hivi unapata picha kubwa iliyofifia, na kila ukigusa stendi yote inatetemeka. Tena kipande cha anga unachokiona ni kidogo mno, na kwa kuwa dunia inazunguka, nyota inakuponyoka kwa dakika moja hivi. Boksi likijisifu kwamba linakuza mara 525, usilinunue kwa namba hiyo.

Anza na ya 25. Kila usiku.

Halafu kuna kile kidarubini cha kulengea kilichopachikwa juu. Kisipolingana na darubini yenyewe, utahangaika mpaka ulale. Kirekebishe mchana: tafuta kitu kilicho mbali, angalau nusu kilomita, labda kilele cha mnazi au ncha ya mnara. Kiweke katikati ya darubini kubwa, kisha zungusha skrubu za kidarubini mpaka msalaba wake ukae juu ya kitu hicho hicho. Picha ikiwa kichwa chini au imegeuka kushoto kulia, usishtuke. Darubini za anga ndivyo zilivyo.

Usiielekeze kwenye jua. Baadhi ya maboksi huja na kichujio kidogo cha jua cha kufunga kwenye lenzi ya kutazamia. Sisi tunakitoa na kukitupa kabla ya kuuza, kwa sababu joto la jua hukusanyika pale pale kwenye kichujio, na kioo kikipasuka jicho lako liko nyuma yake.

Usiku wa kwanza tazama mwezi, lakini si mpevu. Ungoje ufike siku saba hivi tangu kuandama, ukiwa nusu, ndipo vivuli vinapochora mashimo na milima yake. Sayari ya Mushtarii itakuonyesha ile miezi minne aliyoiona mwanaanga Galileo mwaka 1610, imejipanga kama shanga. Pete za sayari ya Zohali zilitukalia ubavu, nyembamba kama uzi, Machi 2025, na sasa zinafunguka tena mwaka hadi mwaka. Hapo ndipo lenzi ya 10 inapofaa. Na Kilimia, nyota ambazo wazee wetu walizifuata kujua majira ya kulima, zinaenea zote ndani ya lenzi ya 25. Mimi kila nikizitazama husahau muda.

Kwa sisi wa pwani, adui ni unyevu. Lenzi ikifungiwa na umande huota kuvu. Iache ikauke ndani ya nyumba kabla ya kuifunika, tia vifuko vya kunyonya unyevu kwenye boksi, na usiipanguse kwa kanga wala shati.

Kurekebisha kidarubini tunafanya bure, hata kama hukununua kwetu. Njoo kabla ya magharibi, mwanga ungalipo, na uje na stendi yake.