Usiwaulize Wanaionaje

Soweto, Moshi
Jumapili, 14 Septemba 2025

Da Rehema mpendwa,

Shikamoo dada. Habari za Tanga, habari za watoto, na mama mguu wake umepata nafuu? Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kulegea, mlima unajitokeza alfajiri kabla mawingu hayajaufunika, na kahawa inaendelea kuchumwa.

Michoro ya dashibodi yako ya maziwa, zile kurasa za kompyuta za kuonyesha hesabu zote kwa pamoja, nimeipata na nimeifungua yote. Umefanya kazi kubwa, hasa ule ukurasa wa lita kwa kila kituo. Unaniambia umeituma kwenye kundi la chama chenu cha wafugaji, watu zaidi ya thelathini wamejibu kwa dole gumba na "hongera sana", na sasa unauliza kama umkabidhi kijana wako wa programu aanze kuijenga. Nakuomba dada yangu, usimkabidhi kwanza. Subiri hata wiki mbili. Mimi nimepita njia hiyo hiyo mwaka huu na nimeumia, ndiyo maana nimeona nikae chini nikuandikie barua.

Unajua tangu mwezi wa tano nashughulikia dashibodi ya chama kimoja cha msingi cha ushirika wa kahawa, huku juu Kibosho. Mkulima analeta kahawa, karani anapima na kuandika, mzigo ukitimia unateremshwa mjini kukobolewa, unakwenda mnadani, halafu malipo yanarudi kwa awamu. Viongozi walitaka wayaone hayo yote kwenye ukurasa mmoja. Nilijifungia hapa nyumbani majuma matatu nikachora. Mwanzoni mwa Julai nikapanda Kibosho na projekta ya kuazima, tukakaa ukumbini na mwenyekiti, katibu, mhasibu, karani na wajumbe wa bodi. Nikawaonyesha ukurasa baada ya ukurasa, mwisho nikauliza, "Wazee wangu, mnaionaje?"

Mwenyekiti akasema, "Nzuri sana, umetusaidia." Wote wakaitikia kwa kichwa. Tukanywa soda, tukapiga picha, nikateremka mjini na furaha isiyo kifani. Kijana wetu wa programu akaanza kazi siku ya pili yake. Wiki tatu baadaye nikampigia simu karani, yule mama aliyekuwa amekaa mwisho kabisa wa ukumbi, nimuulize anaendeleaje na kurasa za kwanza. "Nitaingia tu, mwanangu, nikipata nafasi." Alikuwa bado anaandika kwenye daftari lake, na hesabu za wakulima alikuwa anazitoa humo humo.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiuliza kwa nini hakuna aliyesema neno, kumbe jibu nilikuwa nalo tangu utotoni. Mgeni akikupikia chakula katika nyumba yako, humwambii chumvi imepungua. Mimi nilikwenda na kitu kilichopambwa, chenye rangi, kimeshakamilika machoni pao. Nani angethubutu kunivunja moyo? Tena mwenyekiti akishasema nzuri, mama karani aseme nini mbele ya bodi? Swali langu lilikuwa linaomba heshima, nao wakanipa heshima. Na hayo madole gumba ya kundi lenu, dada, mimi nayasoma hivyo hivyo.

Nilirudi mwezi wa nane peke yangu. Sikubeba projekta. Nilipitia steshenari hapa mjini nikachapa kurasa kwenye karatasi kubwa za A3, nyeusi na nyeupe, nikanunua penseli na kifutio. Niliomba ruhusa ya mwenyekiti kwanza, kisha nikaenda kukaa na mama karani pale kwenye mizani siku ya kupokea kahawa. Sikumuuliza anaionaje. Nilimwambia, "Mama, mzee akija sasa hivi akitaka kujua amefikisha kilo ngapi tangu msimu uanze, ungemtafutia wapi hapa?" Nikanyamaza.

Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote. Kidole chake kilizunguka kwenye karatasi, kikapita juu ya jibu mara mbili bila kulitambua, na mimi moyo unanienda mbio, nataka kusema "hapo mama, hapo juu kulia". Nilijiuma ulimi. Mwisho akasema, "Hapa umeandika Miamala. Miamala kwangu ni ya simu, M-Pesa hizi. Kilo siziangalii huko." Neno moja tu, nami nilikuwa nimelitia kwenye kila ukurasa. Sasa panasomeka Mapokezi, kama ilivyoandikwa juu ya daftari lake.

Wataalamu wa kupima programu kwa watumiaji wanamtaka mtu afikiri kwa sauti anapotumia kitu, atamke kila linalompitia kichwani. Clayton Lewis wa kampuni ya kompyuta ya IBM aliiandikia njia hiyo tangu 1982, na inafundishwa mpaka leo. Lakini mwambie mama wa miaka hamsini na kitu aongee peke yake mbele ya mgeni, utamwona anavyojikunja. Nilichofanya, nilimwita kijana anayemsaidia kubeba magunia nikamwomba mama amfundishe yeye namna ya kutumia ukurasa. Hapo maneno yakatiririka! "Unaanza hapa, halafu hapa... hapa mimi mwenyewe sijui wametaka nini." Niliandika kurasa nne.

Kuna jambo nililiona kwa macho na silisahau. Mama karani ana rula ya mbao ya sentimita 30, kingo zimekwisha kwa kutumika. Anaiweka chini ya jina la mkulima kwenye daftari, jicho linaifuata mpaka kwenye safu ya kilo, ndipo anasoma kwa sauti ili mkulima naye asikie. Mchana nilimgeuzia kompyuta aone jedwali lenyewe. Akaichukua rula ile ile akaiweka juu ya kioo cha skrini, chini ya jina, akaifuata kwa kidole. Alipousogeza ukurasa majina yakapanda, rula ikabaki pale pale. Akaishusha taratibu, akaiweka tena chini ya jina jipya. Hakulalamika hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa nimefuta mistari yote ya jedwali kwa kuwa nilipenda ukurasa uwe mweupe. Jioni hiyo hiyo niliirudisha mistari, nikaweka kivuli hafifu kwenye kila mstari wa pili, na ukigusa jina mstari wake wote unakoza rangi. Mama alipouona mara ya pili aliiacha rula ndani ya daftari. Dada, nilitaka kulia.

Niliheshimu daftari lile tangu siku hiyo. Watu wa huku wana ushirika wa kahawa tangu enzi za KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, 1933, na makarani wamekuwa wakirekebisha namna ya kuandika kizazi hadi kizazi. Kila safu iliyomo ina sababu yake. Ningeanza kwa kulisoma kabla ya kuchora chochote, nisingekosea yale niliyokosea.

Kwa mfano, juu kabisa nilikuwa nimeweka namba kubwa, "Jumla ya kilo". Mzee mmoja aliyeleta mzigo akaitazama akauliza, "Kilo za nini?" Nilikuwa nimejumlisha kahawa mbivu, inayoletwa ikiwa bado na maji yake, pamoja na ile iliyokwisha kumenywa, kuoshwa na kukaushwa nyumbani kwa mkulima. Kilo moja ya kahawa kavu imetokana na kilo tano hivi za mbivu. Jumla yangu haikuwa na maana yoyote, na ukumbini hakuna aliyeiuliza.

Grafu nayo niliianzisha Januari na kuimaliza Desemba. Msimu wa kahawa haufuati kalenda hiyo. Hapa unaanza katikati ya mwaka na kuvuka, ndiyo maana wao husema msimu wa 2024/25. Nilikuwa nimeukata msimu vipande viwili na kumlazimisha mhasibu aunganishe kichwani. Saa pia: mzigo uliopimwa saa nane na nusu mchana ulionekana 11:30, kwa sababu seva, ile kompyuta inayotunza taarifa, inahesabu saa za dunia na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Mama karani alipoisoma akasema, "Saa kumi na moja na nusu jioni tulishafunga." Tumesahihisha saa, na pembeni tumeandika asubuhi, mchana au jioni kwa Kiswahili chetu.

Ila rangi ndizo zilizonifunza zaidi. Nilifuata mazoea ya dashibodi zote, kijani ni vizuri, nyekundu ni hatari. Mkulima aliyeshuka kuliko mwaka jana nilimpa nyekundu. Sasa muulize mkulima wa kahawa nyekundu ni nini. Nyekundu ni kahawa iliyoiva, ndiyo anayotakiwa kuchuma! Kijani ndiyo anayokatazwa. Mzee mmoja aliinyooshea kidole namba yake nyekundu akasema, kwa furaha kabisa, "Hii imekaa vizuri." Na mhasibu alipoiona nyekundu ile ile alidhani mkulima ana deni la pembejeo. Nimeziondoa rangi hizo mahali pale, nimeweka mshale wa kupanda au kushuka na maneno, "pungufu kwa kilo 40 kuliko msimu uliopita".

Utaniuliza, uwajaribishe watu wangapi? Jakob Nielsen na Thomas Landauer, watafiti wa matumizi ya kompyuta, waliandika 1993 hesabu inayotajwa sana: kwa wastani wa miradi waliyoipima, mtu mmoja anayejaribu anafichua karibu asilimia 31 ya matatizo ya matumizi, na ukifika watu watano umeshayaona kama asilimia 85. Kwangu imekaribia kuwa hivyo, lakini kwa karani tu. Mhasibu ana macho yake, mkulima ana yake, mwenyekiti ana yake. Ukiwachukua makarani watano hutajua chochote kuhusu mkulima. Mimi niliona watu watatu, nikarekebisha, nikaona wengine watatu, na raundi ya pili ilinionyesha makosa niliyoyatia wakati wa kurekebisha.

Halafu watakuomba vitu. Mhasibu wangu alitaka kitufe cha kuchapa kwenye kila ukurasa. Nilimuuliza, "Ukishaichapa unaipeleka wapi?" Kumbe bodi ikikutana lazima wajumbe watie saini kwenye taarifa ya mwezi. Hakuhitaji vitufe kumi. Alihitaji karatasi moja ya A4 yenye nafasi za saini. Lakini lipo ombi nililolikataa. Mwenyekiti alipenda skrini ukutani ionyeshe kilo na malipo ya kila mkulima kwa jina. Nilimweleza kwa heshima kwamba mapato ya mtu ni siri yake, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Alinielewa.

Na hapo nikakumbuka kosa langu mwenyewe, linaniuma mpaka sasa. Karatasi zangu za A3 za kwanza zilikuwa na majina na kilo halisi za wakulima. Mama mmoja aliona za jirani yake mezani, akazisoma zote. Nilizikusanya nikazichoma. Sasa natumia majina ya kubuni, lakini namba nazifanya zifanane na za kweli, maana ukiandika "Mkulima 1, kilo 100, Mkulima 2, kilo 200" hakuna atakayeshtuka penye kosa.

Kwa hiyo dada, nenda kituo cha kukusanyia maziwa alfajiri, wakati foleni ya madumu iko mlangoni, ukakae na anayepokea. Angalia anaandika nini kwanza, lita au jina. Nimeona umeweka jumla ya siku. Je, maziwa ya asubuhi na ya jioni yeye anayaandika pamoja au mbali? Maziwa yaliyokataliwa kwa kuchachuka yanaandikwa wapi? Kwenye michoro yako sikuyaona kabisa, na nina hakika mfugaji aliyerudishiwa dumu lake atakuja kuyaulizia. Malipo ni ya wiki mbili au ya mwezi? Ukurasa wako unahesabu kwa mwezi wa kalenda, usije ukafanya kama mimi na msimu wangu.

Chapa kurasa tatu tu, nyeusi na nyeupe, na usimwambie mtu kwamba umezichora wewe. Sema unataka kujua karatasi hizi zina shida gani. Baadaye zipige picha zikiwa na alama za penseli za huyo anayepokea, hata kama zimechafuka, unitumie nizione. Mwezi wa kumi nina nafasi ya siku nne. Ukikubali nitapanda basi nije, nikae upande wa pili wa meza niandike wakati wewe unauliza. Peke yako huwezi kuuliza, kutazama na kuandika kwa pamoja.

Msalimie shemeji, na mama mwambie nitamletea kahawa ya kukaanga aliyoniagiza.

Mdogo wako,
Neema