Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: mkopo wa vikaushio utangulie mvua

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,

Salaam, na pole na majukumu. Naandika kuhusu ile asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengwa kuvikopesha vikundi vya wanawake bila riba. Vikundi vinavyoomba vikaushio vya jua vya kukaushia mboga vipewe fedha kabla Oktoba haijaisha.

Dodoma yetu unaijua. Mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ndipo mlenda, majani ya kunde na ya maboga yanapojaa hadi mbuzi wanayasusa. Ikifika Agosti, mboga ni ya kutafuta kwa tochi. Bibi zetu walianika juu ya mawe, wakatwanga unga wa mlenda wa kiangazi. Shida ni kwamba majani hujaa majira yaleyale ya mawingu. Manyunyu yakiyakuta nje, yanashika ukungu; jua likiwaka, kuna vumbi na kuku.

Kikaushio chenyewe seremala wa kijijini anakiweza: sanduku la mbao lenye miguu, sakafu nyeusi, nailoni ya kupitisha mwanga juu, trei za wavu, na matundu ya hewa yaliyozibwa kwa chandarua. Hewa huingia chini, hupata joto, hupanda na kutoka na unyevu. Majani huchovywa kwanza kwenye maji yanayochemka, dakika mbili tatu, kisha hukaushwa chini ya kitambaa cheusi, maana jua la moja kwa moja huharibu vitamini A na kupausha rangi. (Hili la kitambaa wengi hulipuuza, halafu wanashangaa mboga zao kuwa rangi ya nyasi kavu.) Yakiwa tayari, ukiyafikicha yanavunjika. Kilo kumi mbichi hubaki kama kilo moja, na hiyo inasafiri hadi Dar es Salaam bila kuoza.

Sasa mkopo ukitoka Machi, fundi anamaliza kazi mvua zikikatika. Kikundi kinaanza marejesho hakina hata jani la kukausha, na kwenye taarifa kinaandikwa mdaiwa sugu.

Naomba pia makadirio ya seremala wa kijijini yakubaliwe, tusilazimishwe ankara ya kampuni ya mjini. Na marejesho yaanze Julai, mboga kavu inapopanda bei.

Maombi yetu yako kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Tunaomba yajadiliwe robo hii, kabla ya Septemba kwisha.

Wako,
Mwanakikundi, mkoani Dodoma